Rangi ya Mbege ya Rotich

Jumapili, 2 Machi

Kuta zimeanza kutoa jasho. Kila mwaka majira haya hewa ya joto inaingia Guangzhou, hapa Uchina, kutoka kusini, inayakuta majengo bado yana baridi ya miezi mitatu, basi maji yanateremka ukutani, sakafu inateleza, na soksi haikauki hata ukiianika wiki nzima. Nimeanza shajara hii leo kwa sababu nimepewa kazi, na sitaki baadaye mtu aje aniambie mambo hayakuwa hivyo.

Kazi yenyewe ni kupika mbege ya posa, pombe yetu Wachaga ya ndizi na ulezi. Rozina, rafiki yangu tangu tulipofika hapa kusoma, anataka kuolewa na Rotich, Mkenya wa Bomet anayesomea uhandisi wa maji. Baba yake Rozina, huko Rombo, amesema hana neno na Mkenya, ila posa haipiti kwenye simu. Bahati nzuri baba yake mdogo, Thadeo, anakuja mwishoni mwa Aprili kununua midoli na madaftari kwenye masoko ya Yide Lu kwa ajili ya duka lake la Himo. Yeye ndiye atakayepokea mbege kwa niaba ya ukoo. Akiinywa, harusi ni Desemba. Asipoinywa, Rozina anamaliza masomo Julai na kurudi nyumbani peke yake, na kule kuna mfamasia mmoja wa Moshi ambaye mama yake haishi kupita kusalimia.

Mbege ya posa inapikwa na upande wa mwanamume. Sasa Rotich hapa hana upande. Rozina akanitazama mimi kwa yale macho yake. Nikasema haya, kuanzia leo mimi ni dada yake Rotich. Rotich akasema, "Asante." Hilo ndilo neno pekee alilolitoa mchana kutwa. Sijui Rozina aliona nini kwa yule Mkenya.

Jumatatu, 3 Machi

Rozina kanitisha. Anasema baba yake mdogo haonji kwanza, anatazama. Akipewa kata anaipeleka kwenye mwanga, anaizungusha, anatazama tena. Mchumba wa kwanza wa Fiona, dada yake Rozina, alirudishiwa pipa zima bila kuonjwa hata tone.

"Kisa?"

"Rangi. Alisema hivyo tu, rangi, akavaa kofia yake akaondoka."

Nikacheka mpaka akanikasirikia. Mimi nasomea utiaji rangi nguo. Naamka na rangi, nalala na rangi, kucha zangu zina buluu ya karakana za jinzi za Xintang isiyotoka kwa sabuni yoyote. Angesema ladha ningeogopa.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Manyunyu kutwa. Nimefunga, nina hasira.

Jumamosi, 8 Machi

Rotich anaishi mtaa wa Dengfeng pamoja na Haidar, Mzanzibari anayesafirisha jinzi kwao. Tumefika na ndizi zetu, Haidar akatupokea mlangoni akiwa amefunga, kinywa kikavu, adabu tele.

"Bi Sia, mimi sina ugomvi na mtu. Lakini mwezi huu humu ndani mna futari na mna daku. Pombe yenu pandisheni juu."

Tukapandisha juu, kwenye paa. Mwenye nyumba, mama wa makamo tunayemwita ayi, mwenye sauti ya kengele, ana kibanda cha bati pale anamoanikia maganda ya machungwa. Ametupa nusu ya kibanda kwa masharti kwamba tusimwambie tunapika nini, ili akiulizwa asijue.

Nimempa Rotich somo la rangi. Kwa mama yangu Machame mbege ni hudhurungi yenye wekundu kwa mbali, kama udongo wa mgombani baada ya mvua. Rangi hiyo inatoka wapi? Kwanza kwenye ndizi, zinatakiwa ziive mpaka ganda liwe na madoa meusi. Kisha kuchemsha, na kuchemsha kwenyewe ni kwa saa nyingi, mpaka sukari ya ndizi iungue kidogo kidogo na rojo libadilike lenyewe. Kisha ulezi wa kimea, ambao una wekundu wake. Na mwisho gamba la msesewe, linalotia uchungu na kuongeza wekundu kidogo. Rozina alikuja nalo kutoka nyumbani kwenye soksi.

Nilizungumza nusu saa. Rotich alikuwa anamenya ndizi. Nilipomaliza akasema, "Sawa."

Jumanne, 11 Machi

Ndizi zinachachuka taratibu chini ya bati. Kila kitu kimelowa, hata kiberiti.

Jumamosi, 15 Machi

Aibu. Tumefunua, tumekuta kitu cheusi chenye ubuluu, kama maji yaliyofulia jinzi. Nikakaa juu ya ndoo nikakitazama. Rotich naye akakitazama. Halafu akasema, "Hii ni kama imekasirika."

Ilinichukua muda kuelewa, na nilipoelewa nilitamani kujitupa kwenye kreti la maganda ya ayi. Tulichemshia kwenye lile karai kubwa la chuma tuliloazima mgahawani. Chuma! Kila wiki maabara mimi natia maji ya chuma kwenye kitambaa kilicholowekwa majani ya chai, makusudi, ili kiwe cheusi. Ndizi ina ukakasi uleule wa chai, na utomvu wake ndio uleule uliotia madoa kanga zote za mama yangu. Mpishi wa kawaida angeweza kukosea kwa kutojua. Mimi nimekosea kitu ninachokifanyia mtihani.

Nilicheka peke yangu njia nzima mpaka bwenini. Rozina akauliza imetokaje, nikamwambia bwana harusi na dada wa bwana harusi hawazungumzi na upande wa pili.

Jumapili, 16 Machi

Nimenunua sufuria ya stili. Ayi ameipiga kofi, amesema ni nzuri.

Jumatano, 19 Machi

Ulezi haupatikani. Nimepita maduka yote ya nafaka nyuma ya Yide Lu, nikiwaonyesha picha kwenye simu. "Meiyou," anasema wa kwanza, hakuna. "Meiyou," anasema wa pili bila kutazama. Wa tatu akanipa mtama wao mdogo wa njano, ule wanaowapikia uji wanawake waliojifungua, akaapa kwamba ni kitu kimoja. Nimechukua, nitafanyaje.

Jumapili, 23 Machi

Njano. Njano ya uji wa mgonjwa. Ladha si mbaya, lakini hii mbele ya baba mdogo wa Rozina ni kujitafutia matusi. Mtama wenyewe una njano yake, halafu ndizi hazikuwa zimeiva vya kutosha, halafu gesi ilikwisha katikati tukaondoa sufuria mapema. Makosa matatu katika ndoo moja. Nimegombana na Rotich kuhusu gesi. Yaani nimegombana mimi, yeye alikuwa anafagia maganda.

Nimemwambia Rozina ukweli, kwamba huyu mtu wake hana damu. Anasukumwa huku anakwenda huku, anasukumwa kule anakwenda kule. Rozina alikuwa anasuka nywele zake mbele ya kioo, akaniambia, "Hujamwona akikataa kitu wewe." Sikutilia maanani.

Jumamosi, 29 Machi

Ulezi umefika. Mwanafunzi mmoja Mkenya alikwenda kuzika kwao, amerudi na mfuko mdogo aliopewa na dada yake Rotich. Wao wanauita wimbi. Rotich aliufungua pale pale kwenye ngazi, akachota kiganjani, akanusa, akafumba macho.

Na leo amezungumza. Nilikuwa namsaidia kuosha zile punje, akaanza tu, bila kuulizwa, kwamba mama yake alikuwa mpika busaa, pombe ya kwao ya unga wa kukaanga, na ada zake zote za shule zilitoka kwenye busaa. Kwamba mama alikuwa anakaanga unga juu ya bati kubwa, yeye akiwa anasukuma kuni, na moshi ulikuwa unaingia kwenye sare mpaka darasani wakawa wanamwita Jikoni. Baba yake alishakufa. Mama sasa magoti hayamruhusu kufika hata stendi, sembuse Rombo.

"Kwa hiyo mimi nikisema nina dada hapa," akasema, "sio mchezo, Sia."

Nilimwambia asimwage maji.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Haidar ametuita, biriani ya kuku, maandazi, kahawa. Nimekula mpaka nikajilaza kwenye mkeka wa watu.

Jumapili, 6 Aprili

Leo naandika huku natabasamu mwenyewe.

Kuta zimekauka, jua limetoka siku nne mfululizo, kimea kimekauka vizuri juu ya paa. Ndizi tulipata zile fupi nene, zimeiva mpaka zinanuka mtaa mzima. Haidar, sasa mwezi mtukufu umekwisha, alipanda na kisu chake akaketi.

"Nimenye?"

"Si ulisema pombe yetu haikuhusu?"

"Mpaka hapa ni ndizi, bi Sia. Ndizi nimezaliwa nazo. Likianza povu mimi naondoka."

Akamenya kreti zima, anakula moja anatia tatu. Tulichemsha kutoka asubuhi mpaka jua linazama, rojo likatoka jeupe likawa la asali, likatoka la asali likawa jekundu jekundu. Siku ya nne likaanza povu, Haidar akachukua kandambili zake akashuka, mtu wa neno lake. Tulichuja, tukachanganya na uji wa kimea, na leo nimechota glasi nikaiinua juani.

Ni ileile. Ya mama yangu kabisa. Nimesimama juu ya paa la watu Uchina nikiwa na machozi kwa ajili ya rangi ya pombe. Nikampelekea Rozina picha, ingawa sheria ni yangu mwenyewe kwamba bibi harusi asione. Akajibu, "HIYO. Hiyo hiyo. Huwezi kuitofautisha na ya kwetu." Niliruka. Nilimkumbatia Rotich, nilimkumbatia na ayi, ambaye naye akatuonjea glasi mbili za kujiridhisha.

Mbege haikai, siku mbili tatu inageuka siki, kwa hiyo hii tumeinywa na marafiki. Ya posa tutaipika upya. Ulezi uliobaki unatosha mara moja tu, lakini sasa njia tunaijua.

Jumatano, 9 Aprili

Kazi za maabara. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 13 Aprili

Jumapili ya Matawi. Baba mdogo ametuma ujumbe, anafika tarehe ishirini na nne, shughuli Jumamosi ya ishirini na sita. Tumeloweka ulezi wa mwisho uote. Tulipotoka kanisani mvua ilianza, ya ngurumo hasa, mbwa wa ayi kaingia uvunguni.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua. Kimea kimeota vizuri lakini hakikauki. Nimeazima draya la nywele la Rozina, nimesimama nalo juu ya sinia saa nzima kama msusi. Nimekausha robo.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Mvua. Mwalimu wangu anataka niende Xintang kesho, kwenye karakana moja ya jinzi, kupima maji ya rangi mpaka Jumatano. Nimeomba aahirishe, amekataa. Nimemwachia Rotich maagizo yote, nimeyarudia mara tatu. Ndizi achemshe kesho. Kimea akigeuze kila asubuhi. Uji wa kimea asiuguse, nitaupika mimi nikirudi.

"Sawa," akasema.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka njema kwangu mimi, kwenye hosteli ya wafanyakazi Xintang, na tambi za pakiti. Misa nimeiona kwenye simu.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua haijakatika. Rotich ameandika, "Wimbi imeanza kunuka. Iko na ukungu." Nikamwandikia asifanye kitu chochote, nakuja. Hakujibu "sawa." Hakujibu kabisa. Napiga, simu haipokelewi.

Alhamisi, 24 Aprili

Barabara imejaa maji, nimekwama Xintang tangu jana. Baba mdogo ametua mchana. Narudi kesho asubuhi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimefika Dengfeng na begi langu mgongoni, sikupitia hata bwenini. Nimepanda ngazi mpaka juu. Rotich alikuwa kibandani, mikono imejaa masizi, na ndoo imefunikwa kwa kitambaa safi.

Nikafunua. Ilikuwa kahawia nzito, kahawia ya kahawa yenyewe, na juu povu la rangi ya udongo mkavu. Harufu ilikuwa nzuri, nitasema kweli, harufu ya kitu kilichookwa. Lakini rangi haikuwa ile. Haikuwa hata jirani yake.

"Umefanya nini?"

"Wimbi ilikuwa inaoza. Ile yenye ukungu nikatupa. Ingine ilikuwa mbichi mbichi, nikaikaanga juu ya bati, vile mama hufanya. Ile yako ya draya nikaiacha hivyo, ndiyo ikashika kazi ya kuchachusha."

Nilimsemesha maneno mengi. Sitayaandika yote. Nilimwambia nimesimamia jambo hili tangu Machi, nimepoteza Jumamosi zangu zote, na rangi tulikuwa nayo mkononi, na yeye kwa kukaanga kwake ameitupa jalalani siku moja kabla. Nilimwambia Rozina atarudi Julai peke yake na itakuwa juu yake.

Nilipopumua nikaanza kutafuta dawa, maana ndivyo nilivyo. Dawa ilikuwepo. Ule mtama wa njano ulibaki mfuko mzima. Nipike uji wake mwepesi, nichanganye nusu kwa nusu, kahawia itashuka. Kisha nitie maji kidogo ya zile bitiruti nyekundu wanazouza sokoni hapo chini, tone kwa tone, mpaka wekundu urudi. Mimi rangi yoyote naweza kuifikia nikipewa saa mbili. Nikawasha jiko.

Rotich akalizima.

"Hapana," akasema.

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikawasha tena. Akalizima tena, taratibu, akasimama kati yangu na ndoo.

"Hii imekuwa hivi. Nitaibeba hivi. Akiuliza nitamwambia vile ilikuwa. Mimi siwezi kuenda kwa baba ya msichana na kitu nimepaka rangi."

"Na akikataa?"

"Akikataa atakuwa amekataa mimi. Afadhali hivyo kuliko akubali mtu mwingine."

Hakupandisha sauti. Tangu Machi nimekuwa nikimsukuma huku na kule, na leo nimesukuma nikakuta ukuta. Nilishuka ngazi nikilia kwa hasira, Haidar akanipisha mlangoni. Nilifika mpaka kituo cha treni. Halafu nikakumbuka kwamba mbege bado haijachujwa mara ya pili, na kuchuja peke yako ndoo nzima hakuwezekani, mmoja lazima ashike kitambaa. Nikarudi. Nikashika kitambaa. Tulichuja vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nitaandika polepole, nisiache kitu.

Baba mdogo Thadeo amepanga chumba chenye sebule karibu na daraja la Xiaobei, na mbege ya posa inapelekwa, haifuatwi. Haidar alitoa mkokoteni wake wa kubebea marobota ya jinzi, ndoo ikafungwa kamba, ikafunikwa kanga ya Rozina, tukashuka mtaa wa Dengfeng sisi watatu. Rotich alivaa suti. Mvua ilikuwa imekatika asubuhi ile ile na mtaa mzima ulikuwa nje. Msusi mmoja Mkongo akauliza mlangoni kwake tumebeba nini, "C'est quoi, ça?" Haidar akamjibu kwamba ni harusi. "Ah, félicitations!" akatupongeza, akapiga kigelegele, na wateja wake wenye vichwa vilivyosukwa nusu wakaitikia. Wauza simu wakapiga makofi. Nilicheka, na nilimwona Rotich naye anacheka kwa mara ya kwanza, meno yote nje. Mlangoni Haidar akasimama.

"Mimi nitakaa hapa kizingitini na soda yangu. Nitakuwa shahidi asiyeonja."

Baba mdogo ni mfupi, tumbo kidogo, koti la suti juu ya fulana ya timu ya mpira. Rozina alikuwa ameketi kando yake na kitambaa kichwani, hakuthubutu kututazama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

"Marahaba. Wewe ndiye nani?"

"Dada yake Rotich."

"Jina?"

"Sia."

"Sia wa wapi?"

"Machame."

Akacheka kwa pua. "Dada wa Bomet, mzaliwa wa Machame. Haya, kaeni."

Akatoa kwenye sanduku kata ya kibuyu, ameisafirisha kutoka Rombo ikiwa imeviringishwa ndani ya shati. Rotich akachota, akampa kwa mikono miwili. Na kweli, baba mdogo hakuipeleka mdomoni. Aliinuka, akavuta pazia, akaiinamisha kata kwenye mwanga wa dirisha. Akaizungusha. Akatazama ilivyoshika ukingoni. Nilisikia kiyoyozi kikidondosha maji nje.

"Hii si rangi ya kwetu," akasema.

Rozina akainamisha kichwa. Mimi nilitamani nimwambie Rotich, umeona sasa. Lakini Rotich alikuwa amesimama wima, mikono pembeni.

"Ndiyo, baba. Sio ya kwenu."

"Nani kapika?"

"Mimi."

"Na dada yako?"

"Amenifundisha yote. Lakini hii nimepika mwenyewe. Mvua iliharibu wimbi, nikakaanga ile ilibaki, vile mama yangu hukaanga. Kwetu pombe hutoka na rangi kama hii."

Baba mdogo akanigeukia. "Na wewe wa Machame ulikubali?"

"Sikukubali," nikasema. "Nilitaka kuibadilisha rangi ifanane na yenu. Alinizimia jiko."

Akaketi. Akaweka kata gotini bila kumwaga. Ikawa zamu yake kuzungumza, na alizungumza akimtazama Rozina.

"Ile ya dada yako Fiona unajua nilirudisha kwa nini?"

"Rangi, baba."

"Rangi. Ilikuwa nzuri mno. Ilikuwa rangi ya mbege ya jirani yetu pale chini, ambayo nainywa kila Jumapili nikitoka kanisani, ningeijua hata gizani. Yule kijana hakupika, wala mama yake hakupika. Alikuja mpaka kijijini kwetu, akanunua kwetu, akatuletea sisi. Nikamwambia kaka, huyu mtoto tunampeleka kwa nani? Mbege ya kwetu tunaijua. Posa tunaletewa ya kwao, tuone wanapikaje, wanaishije, ndipo tutoe mtu."

Niliwaza ile ndoo ya tarehe sita, rangi yangu kamili, machozi yangu juu ya paa. Ile ingerudishwa. Angeiangalia mara moja, angevaa kofia yake. Masikio yalinipata moto na nikamtazama Rotich, ambaye hakujua lolote kati ya hayo, ambaye alikataa tu kwa sababu hakuona njia nyingine ya kuwa mtu.

"Onja," baba mdogo akamwambia. Maana anayeleta ndiye anayeonja kwanza. Rotich akanywa funda moja, akairudisha kata kwa mikono miwili.

"Rozina," akasema baba mdogo. "Ninywe, nisinywe? Nikishainywa hairudi."

"Kunywa, baba."

"Sijasikia."

"Kunywa."

"Mara ya tatu, mwanangu. Mama yako ataniuliza."

"Kunywa, baba," Rozina akasema, sauti wazi kabisa, na sasa alikuwa anamtazama Rotich.

Akanywa. Hakuonja, alikunywa, tukawa tunalitazama koo lake linavyopanda na kushuka, mpaka kata ikageuka juu chini. Akafuta mdomo.

"Ina moshi," akasema. Akafikiri kidogo. "Moshi mzuri. Aika mbe," akashukuru kwa Kichaga.

Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika kwa yule msusi. Haidar akagonga chupa yake ya soda kwenye fremu ya mlango. Rotich akakaa chini ghafla, kwenye kiti ambacho hakuwa amekaribishwa, na hakuna aliyemwambia kitu.

Kisha baba mdogo akampigia kaka yake Rombo kwa video. Kule ilikuwa bado asubuhi, mzee alikuwa amevaa sweta, nyuma yake kuku wanapita. Baba mdogo hakusalimia sana. Aliielekeza simu kwenye ndoo.

"Kaka, unaiona?"

"Naiona. Mbona nyeusi hivyo?"

"Ndiyo rangi ya nyumba anayokwenda mwanao. Itazame vizuri, uizoee."

Rozina alikuwa ameshika ncha ya kitambaa chake kwa meno. Halafu tukaona mzee anasogea karibu na simu, jicho moja likajaa kioo kizima, anaitazama mbege ya Rotich kutoka Rombo.

"Umeinywa?" akauliza.

"Nimeinywa."

"Basi kunywa na yangu."

Baba mdogo akacheka, akashusha simu, akanyoosha kata. Rotich akainuka kuipokea. Baba mdogo akatikisa kichwa, akaipeleka upande wangu.

"Ya kwanza inachotwa na bwana harusi," akasema. "Zinazofuata ni kazi ya dada yake."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikachota mpaka juu.